Spidi boti ya mtumba kwa mawimbi ya Kivu: mambo ambayo picha ya muuzaji haionyeshi

MASORO, KIGALI – Hakuna mtu anayekuja Masoro kutafuta mawimbi. Ziwa Kivu liko saa tatu na ushei kwa barabara, upande wa magharibi, na wanaokuja huku wanafuata makontena. Si mbali na ukanda huu maalumu wa kiuchumi, ambako magari ya Volkswagen huunganishwa, ipo, kule Masaka, bandari kavu ya Kigali Logistics Platform, inayoendeshwa na DP World ya Dubai na kuzinduliwa rasmi Oktoba 2019. Hapa hufika malori yanayotoka Dar es Salaam kupitia Rusumo, na yale ya Mombasa yanayopitia Uganda. Forodha hukagua, wakala hukimbia na makaratasi, na mwenye mzigo huona kwa macho yake, mara nyingi kwa mara ya kwanza, kitu alichokilipia wiki nyingi nyuma.

Kwa nguo, matairi au friji, kuchelewa huko kuona si msiba. Friji mbovu utaiuza kwa fundi. Spidi boti iliyotumika ni habari nyingine, kwa sababu kasoro zake kubwa haziko mahali ambapo kamera hufika, na siku zitakapojitokeza hutakuwa nchi kavu.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Upande wa Rwanda biashara ya ziwani inaunganisha Rubavu, Karongi na Rusizi, na bandari mpya ya Rubavu, kule Nyamyumba, ilizinduliwa mwishoni mwa 2024. Upande wa Kongo kuna Goma, Minova, Idjwi na Bukavu. Boti nyingi zinazobeba watu na mizigo ni za mbao au chuma, na hazina haraka. Kikundi cha wafanyabiashara watano wenye simu, vipuri na abiria wanaowahi soko kinapiga hesabu rahisi: boti inayokwenda kilomita 50 kwa saa ingekata urefu wote wa ziwa, karibu kilomita 90, kwa muda usiofika saa mbili. Halafu mmoja wao anafungua simu na kuona boti ya futi 26 Dubai, nyekundu, inang'aa, bei nusu ya lori. Bei hiyo ina sababu. Boti za starehe huchokwa upesi na wenyewe, na maegesho yake hulipiwa hata zisipotembea.

Anayepanga njia ya upande wa Kongo aongeze jambo moja kwenye hesabu. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, utaratibu wa safari na vibali hauwezi kuchukuliwa kuwa ni ule ule wa jana. Boti isiyoingiza hata senti kwa wiki tatu bado inadai walinzi, na mkopo wa benki hauna likizo.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika bandari ya Kituku, Goma. Makumi ya watu walikufa huku waliokuwa ufukweni wakitazama. Wengi walikuwa wamepanda boti kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara, na msongamano ndio uliotajwa kuwa chanzo. Haikuwa spidi boti. Lakini starehe nayo si kinga: tarehe 24 Novemba 2018, kwenye ziwa Viktoria upande wa Mukono, Uganda, boti ya starehe ilizama na zaidi ya watu 30 wakafa karibu na ufukwe wa Mutima. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi, na haikuwa na kibali.

Wimbi la ziwa si wimbi la bahari

Muuzaji wa Ghuba atakuambia boti yake imezoea bahari, kwa hiyo ziwa litakuwa mchezo. Maneno hayo yasikilizwe kwa sikio moja. Wimbi la bahari kuu ni refu. Boti hulipanda na kulishuka kama gari kwenye vilima vya Ruhango. Wimbi la ziwa ni fupi na limesimama wima. Wimbi linalopita kila baada ya sekunde 3 lina urefu wa mita 14 tu kutoka kilele hadi kilele. Boti inayolikabili kwa kilomita 40 kwa saa hukutana na kilele kimoja kila sekunde, tena kidogo zaidi ya kimoja. Hapo hupandi wala hushuki. Unapigwa.

Kivu lina tabia zake. Katika kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo wa kusini na kusini-mashariki hupata nguvu na kusukuma maji kuelekea kaskazini, na panapokuwa na maji marefu yasiyo na kizuizi ndipo mawimbi hukomaa. Kisiwa cha Idjwi huvunja sehemu ya nguvu hiyo, na ndiyo maana nahodha mwenye akili huuliza upepo unatoka wapi kabla ya kuuliza una kasi gani. Katika msimu wa mvua hatari huja kwa namna nyingine: dhoruba fupi inayoshuka kutoka milimani na kumalizika kabla hujamaliza kuifunga mizigo. Wenzetu wa Mwanza, Kisumu na Entebbe wanajua lao, kwani ziwa Viktoria huzalisha radi zake usiku na alfajiri, wakati pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinapokutana katikati ya maji.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua ni umbo la tumbo. Rangi, viti vya ngozi na redio havihusiki. Mwaka 1960 Mmarekani Dick Bertram alishinda mbio za Miami hadi Nassau, katika bahari iliyochafuka, akiwa na boti ya futi 31 iitwayo Moppie. Mchoraji wake, Raymond Hunt, alikuwa ameipa tumbo lenye umbo la V kali kutoka omo hadi shetri, wakati boti nyingi za kasi za siku zile zilikuwa na V mbele na ubapa nyuma. Ubapa huenda kasi kwenye maji tulivu, lakini kwenye mawimbi hupiga kama kofi. V hukata. Tangu siku ile kila anayetengeneza boti ya kasi ya maji machafu anaanzia hapo.

Pembe ya V hiyo hupimwa kwenye shetri, na kwa mawimbi mafupi kama yetu tafuta nyuzi 20 hadi 22. Boti za mashindano hufika 24, na mtu wa duka atakusifia hilo. Mimi nisingekwenda huko. V kali zaidi hudai nguvu zaidi ili boti ipande juu ya maji, na huyumba zaidi ikisimama gatini abiria wakipanda upande mmoja. Nguvu, kama tutakavyoona, ndicho kitu ambacho Kivu hukunyang'anya. Kama muuzaji hajui pembe ya boti yake, mwambie aweke simu yenye programu ya kupimia mteremko kwenye tumbo, karibu na shetri, upande wa kulia kisha wa kushoto, na apige picha zote mbili. Zikitofautiana na boti imesimama sawa, uliza iligonga nini.

Urefu usiwe chini ya mita 7. Ukipita mita 9 unaingia kwenye gharama za kusafirisha ambazo zitakula faida ya mwaka mzima.

Kibao kidogo kando ya usukani kinastahili dakika zako. Boti zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na herufi. D ni ya maji yaliyokingwa, mawimbi ya sentimita 30 hivi. C ni ya mawimbi hadi mita 2 na upepo wa nguvu ya 6. B ni hadi mita 4 na nguvu ya 8. Boti ya herufi D isije Kivu hata kwa zawadi. Kibao hicho pia hutaja idadi ya watu na uzito, na boti ile ile inaweza kuruhusiwa watu 12 kwa C na 7 tu kwa B. Muuzaji atakutajia 12.

Mita 1,460 juu ya bahari

Hapa ndipo wengi hudanganyika, na wala muuzaji hahitaji kusema uongo. Dubai ipo usawa wa bahari. Kivu lipo mita zipatazo 1,460 juu yake. Hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Piga hesabu: asilimia 14 au 15. Mashine ya hospawa 200 inafika Rubavu ikiwa ya 170. Boti iliyokuwa inaruka Jumeirah ikiwa na watu sita inaweza kukataa kupanda juu ya maji ikiwa na watu kumi, na spidi boti isiyopanda ni jahazi lenye kiu: inalima maji, inainua omo hadi nahodha haoni mbele, na kunywa petroli kuliko ingekuwa katika mwendo kasi.

Tanganyika, kwa mita 770 na ushei, na Viktoria, kwa 1,134, hukata kidogo kuliko Kivu, lakini hukata. Injini zenye turbo au kompresa ya kusukuma hewa huumia kidogo kuliko hizo, ila ni ngumu kwa fundi wa mtaani.

Dawa ni pangaboi, yaani propela. Ile iliyokuja na boti ilichaguliwa kwa hewa ya pwani. Huku unahitaji yenye mkunjo mdogo zaidi ili mashine ifikie mizunguko iliyopangiwa na kiwanda, ambayo kwa mashine nyingi za four-stroke za ukubwa huu ni kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Kila inchi moja ya mkunjo unayopunguza huongeza mizunguko 150 hadi 200. Mashine inayoendeshwa kwa gesi yote huku ikiishia 4,500 inajiua polepole, na mwenyewe ataamini ni petroli mbaya. Zile za zamani zenye kabureta zinahitaji pia kubadilishwa jeti, la sivyo zitatoa moshi na kulowesha plagi.

Maji baridi nayo yanabeba kidogo kuliko ya chumvi, tofauti ya asilimia 2.5 hivi. Boti ya tani mbili itakaa chini kidogo tu, kiasi cha lita 50 za maji. Hilo halimzuii mtu kulala usingizi. Kilicho muhimu ni vile vipande vya madini vinavyofungwa chini ya mashine ili viliwe na kutu badala yake. Boti ya bahari huja na vya zinki, ambavyo kwenye maji baridi hujifunika ganda na kuacha kufanya kazi. Weka vya aluminiamu.

Kwa bahati, Masoro ina jirani mzuri. Ziwa Muhazi, mashariki ya Kigali, liko kwenye mwinuko unaokaribiana sana na wa Kivu. Ukipata kibali cha kuishusha boti pale, utajua ndani ya nusu saa mashine inafika mizunguko mingapi ikiwa na mzigo, kabla hujalipa trela hadi Rubavu. Mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria inatosha. Muhazi ni jembamba na halina mawimbi ya kutisha, kwa hiyo litakuambia habari za mashine na si za tumbo, lakini nusu ya ukweli mapema ni bora kuliko ukweli wote katikati ya Kivu.

Gonga, nusa, sikiliza

Mtume mtu Dubai, au lipa mkaguzi wa boti asiyemjua muuzaji. Ada yake itakuuma kwa siku moja.

Faibagilasi yenyewe haiozi. Kinachooza ni plaiwudi iliyofichwa ndani yake, hasa kwenye ukuta wa shetri unaobeba mashine na kwenye mataruma yanayoshikilia tumbo. Mkaguzi hugonga kwa nyundo ya plastiki: sauti kavu na kali ni nzima, sauti nzito iliyozibwa ni mbao iliyolowa. Kisha husimama juu ya mguu wa mashine ikiwa imeinuliwa, na mwenzake hutazama kama ukuta unacheza. Ukicheza, kazi imekwisha, hata kama bei itashuka mara tatu. Kwenye mawimbi mafupi ukuta huo hupigwa mara moja kila sekunde, na mashine mbili za hospawa 200 zina uzito unaokaribia nusu tani.

Nyufa ndogo kwenye rangi, kama utando wa buibui, si zote mbaya. Za pembeni mwa viti na vishikio ni za kawaida. Zikiwa zimejipanga sambamba chini ya tumbo, juu ya mataruma, boti hiyo imerushwa sana, na boti za mwendo kasi hununuliwa ili zirushwe.

Upande wa injini, kipimo cha kompresheni hakina ubishi. Silinda zote zikaribiane, tofauti isizidi asilimia 10. Fungua skrubu ya oili ya gia: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mashine za kisasa huweka kumbukumbu ya saa zilizotembea na kwa mizunguko gani. Fundi mwenye kompyuta ya kampuni huzisoma kwa dakika chache. Muuzaji akisema kompyuta haipo, mji mzima wa Dubai hauna?

Kuna boti zenye injini kubwa ya petroli ndani, silinda nane, na mguu nje. Sauti yake inavutia vijana. Kwa biashara ya ziwa letu nisingeishauri. Mpira wa mkunjo unaoziba tundu la mguu huo ukipasuka, maji huingia moja kwa moja ndani. Moshi wa petroli hukusanyika kwenye chumba cha injini na kungoja cheche. Na injini iliyopandishwa nguvu kwa ajili ya mbio huhesabu maisha yake kwa saa mia chache kabla ya kufunguliwa, wakati boti ya abiria hutembea saa mia chache kabla mwaka haujaisha. Mashine mbili za nje, za chapa ambayo spea zake zinapatikana Mwanza, Kampala au Bujumbura, ndizo za kuleta. Yamaha ndiyo inayojulikana kwa mafundi wengi wa maziwa haya. Mbili, kwa sababu moja ikizima mbele ya upepo, nyingine itakuwezesha kugeuza omo kuelekea wimbi. Boti inayopigwa ubavuni haina muda mrefu.

Kuhusu kiu yake: mashine ya hospawa 200 kwa gesi yote hunywa lita 75 hivi kwa saa. Mbili ni 150. Kwa mwendo wa wastani hupungua hadi nusu au theluthi mbili. Andikeni namba hiyo kwenye daftari la kikundi, izidisheni kwa bei ya petroli ya leo na kwa safari za wiki, kabla ya kubishana kuhusu jina la boti.

Na mzigo? Sambaza, viazi na simenti wabaki na boti za polepole. Tani moja ya viazi nyuma ya spidi boti inaishusha shetri hadi mawimbi yanaingia kwa miguu yao wenyewe. Boti hii ni ya watu na vitu vyepesi vyenye thamani, na uzito ufungwe katikati, chini, usihame. Kikundi kisichoweza kujaza boti kwa mizigo ya aina hiyo kitafute boti nyingine.

Makaratasi kabla ya kontena

Kila boti iliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwishoni mwa 1972 ina namba ya herufi na tarakimu 12 kwenye shetri, upande wa kulia juu. Kwa zilizotengenezwa baada ya 1984, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Boti inayouzwa kama ya 2016 yenye 08 mwishoni imejieleza yenyewe. Namba iliyokwaruzwa ni ya kuachwa, maana mwenyewe halisi anaweza kuwa bado anaitafuta.

Kwenye forodha, chombo cha kubeba abiria na mizigo huingia kifungu 8901 cha jedwali la ushuru, na cha starehe au michezo 8903. Ushuru wake haufanani. Boti ya kasi yenye kitanda na kabati la vinywaji itatazamwa kama ya starehe hata ukiapa kwamba ni ya biashara, hivyo mtake wakala wako aombe uamuzi wa kifungu kwa maandishi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kabla hujalipa chochote Dubai. VAT ni asilimia 18. Mashine ya nje iliyokuja peke yake ina kifungu chake, 8407. Leseni ya kubeba abiria huombwa RURA, na kikosi cha polisi cha majini kitataka kuona majaketi okozi kwa idadi ya watu wote, na yawe ya saizi zao, watoto wakiwemo.

Upana ni mtego wa mwisho. Kontena la futi 40 lina mita 2.35 ndani, na boti nyingi za mita 8 zina upana wa 2.5 au zaidi. Hulazwa kwa ubavu kwenye fremu, au hupakiwa kwenye kontena la jukwaa lisilo na kuta. Zilizolazwa hufungwa kwa mikanda inayobana mahali ambapo tumbo halikutengenezwa kubanwa, kisha hutikiswa kwa kilomita zaidi ya 1,400 kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo ukiwa hapa Masoro, usitie saini ya kupokea mzigo kabla ya kutambaa chini ya boti na tochi. Ufa mpya uandikwe kwenye hati ya makabidhiano, na upigwe picha ukiwa na namba ya kontena, maana bima haitaamini kitu kilichoonekana Rubavu siku nne baadaye.

Hesabuni pia kalenda. Ukaguzi, leseni, pangaboi mpya na majaribio ya Muhazi vitachukua zaidi ya mwezi. Kontena linalofika Mei linawaachia wiki chache tu kabla ya upepo wa Juni.